Namba ya Binti Yangu

Jumanne, 1 Septemba

Joto 36.4. Sina kikohozi, sina mafua. Niliokaa nao zaidi ya robo saa: Spika.

Hayo ndiyo anayoyataka Sista, muuguzi mkuu wa chuo. Ametugawia daftari la kurasa mia kila mmoja, tuandike kila siku joto la mwili na watu tuliokaribiana nao, ili mmoja wetu akiugua ijulikane nani wa kutafutwa. Mstari mmoja kwa siku unatosha, kasema. Kurasa mia kwa mistari mia! Mimi mtu wa jikoni sijazoea kutupa kitu, kwa hiyo nafasi itakayobaki nitaijaza mwenyewe.

Mimi ni mpishi. Miaka kumi na tisa nimepika katika bwalo la chuo hiki. Sasa bwalo limefungwa kwa ajili ya virusi, wanafunzi wanakula vyakula vya kwenye makopo vyumbani mwao, na sisi wa jikoni tumehamishiwa kwenye hema la vipimo, uwanja wa mpira. Spika, muosha vyombo wetu ambaye sauti yake husikika hadi maktaba, anapanga foleni. Mimi nimepewa meza na kalamu, kwa sababu Sista aliwahi kuona mwandiko wangu kwenye ubao wa chakula akasema unasomeka. Naandika namba ya mwanafunzi kwenye karatasi ya kunata, naibandika kwenye mrija mdogo wa plastiki, nampa muuguzi anayechokoa pua. Namba tu. Majina anayo Sista peke yake.

Jumatano, 2 Septemba

36.5. Spika. Mvua.

Alhamisi, 3 Septemba

36.4. Masharti yamebandikwa kila mlango. Barakoa kila mahali isipokuwa chumbani kwako. Kipimo kila Jumanne, na muhuri kwenye kadi. Muhuri unakufaa hadi jioni ya Jumatano ya wiki inayofuata. Bila muhuri huingii darasani. Ukikutwa na virusi unakwenda bweni la zamani siku kumi. Spika ameyasoma yote kwa sauti kubwa huku barakoa yake iko kidevuni. Nilipomwambia aipandishe alinijibu kwamba kidevu nacho kinahitaji kinga.

Jumanne, 8 Septemba

36.6. Spika.

Wamepita watu mia tatu na kitu. Nilidhani sitamjua yeyote, maana barakoa imewabakisha macho matupu, kumbe mpishi hapotezwi kirahisi. Yule wa kuomba ukoko nilimjua kwa mabega. Yule anayetoa vitunguu kimoja kimoja na kuvipanga ukingoni mwa sahani nilimjua kwa jinsi alivyoishika kalamu, kwa ncha mbili za vidole. "Shikamoo mpishi, unarudi lini jikoni?" Nikawaitikia wote, marahaba, marahaba.

Saa tano akaja binti yangu.

Alikuwa amepanga foleni ya meza ya pili. Sista akaona ya kwangu fupi, akahamisha watu kumi, naye akiwemo. Nilimwona anageuka kutafuta pa kupenyea. Hakupata. Akasimama mbele yangu, akaangalia juu ya kichwa changu, akasema, "Mia nne kumi na saba."

Shikamoo hakuna. Namba, basi. Nimengoja sauti hiyo miaka miwili na miezi mitatu.

Niliandika 417, saba ikatoka kama moja, nikachana karatasi nikaandika nyingine. Kisha nikamwambia ninayomwambia kila mtu: "Shusha barakoa chini ya pua tu, mdomo ubaki umefunikwa." Akashusha. Pua ni yangu. Nyusi ni za mama yake, zile zinazokaribia kugusana.

Niandike na mengine, niwe nimemaliza. Mke wangu aliugua ghafla, kule nyumbani, safari ya kutwa nzima kutoka hapa. Nikachukua likizo nikaenda kumuuguza. Binti alikuwa katikati ya mitihani ya mwaka wa kwanza. Kila alipopiga simu nilimwambia mama ana homa tu, amelala, wewe soma. Mama mtu akafariki mitihani ikiwa imebaki miwili. Tukazika kesho yake. Nikakaa na habari hiyo siku tatu, hadi alipotoka kwenye karatasi ya mwisho, ndipo nikampigia. Aliuliza kitu kimoja: "Mmeshazika?" Nikasema ndiyo. Akakata simu. Aliporudi chuoni alinunua jiko dogo akawa anajipikia chumbani, asije akapanga foleni mbele ya mwiko wangu.

Jumanne, 15 Septemba

36.4. Spika. Binti amepita meza ya pili.

Ijumaa, 18 Septemba

36.5. Sista amepanga upya. Namba moja hadi mia tano, meza yangu. Zinazobaki, meza ya pili. Yeye anadhani amepunguza msongamano. Hajui alichonifanyia.

Jumanne, 22 Septemba

36.6. "Mia nne kumi na saba." Alikuwa na kikoti cha kijani ambacho sikijui. Nani alimnunulia, alikinunua wapi, sijui hata kimoja.

Jumanne, 29 Septemba

36.5. "Mia nne kumi na saba." Sauti nzito kidogo, ya mtu aliyeamka muda si mrefu. Alikuwa mvivu wa kuamka tangu mdogo. Mama yake alikuwa akimfunua shuka miguuni, kidogo kidogo, anacheka mwenyewe.

Jumapili, 4 Oktoba

36.4. Sikukaa na mtu.

Nimeongea na dada yangu kwenye simu. Yeye ndiye shangazi mtu, na anaongea na binti kila wiki. Nikamwambia Jumanne hii nitamsemesha.

"Kaka, usimsukume," akasema. "Ukimsukuma atafunga mlango kabisa."

"Miaka miwili sijamsukuma, na mlango haukufunguka."

"Anakuulizia lakini."

Nikabana simu sikioni. "Anauliza nini?"

"Ameuliza kama kwenye hilo hema wamewapa barakoa za maana au zile za kitambaa."

Nimeifikiria habari ya barakoa siku nzima. Nina hamu naye mpaka chakula hakipiti. Naandika wazi, maana daftari hili hakuna anayelisoma.

Jumanne, 6 Oktoba

36.5. Sikumsemesha. Namba, pua, nyusi, nenda. Nilivaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, na nadhani aliona.

Jumatano, 14 Oktoba

36.7. Spika amekutwa na virusi. Alipelekwa hospitali mchana huu, anapumua kwa shida, na bado anamwelekeza dereva njia. Daftari lake limefunguliwa, jina langu limo kila ukurasa. Siku kumi chumbani.

Jumanne, 20 Oktoba

36.4. Leo ni Jumanne na mimi niko ndani. Saa tano nilisimama dirishani ingawa dirisha langu linaangalia ukuta. Nani ameandika namba yake? Ameiandika vizuri? Yule kijana wa meza ya pili huandika saba bila kuikata katikati. Nilikaa roho juu mpaka mchana kwa ajili ya saba.

Jumamosi, 24 Oktoba

36.4. Nimetoka. Kipimo safi. Dada kapiga simu. Binti amemsumbua mara tatu wiki hii akitaka kujua kwa nini mtu wa meza ya kwanza hayupo. Amesema hivyo hivyo, "mtu wa meza ya kwanza."

Jumanne, 27 Oktoba

36.5. "Mia nne kumi na saba." Safari hii aliniangalia usoni. Aliniangalia kuanzia paji la uso hadi kwenye aproni, kama mtu anayekagua mzigo uliosafiri. Kisha akaenda kwa muuguzi. Nikaharibu karatasi nne za waliomfuata.

Jumanne, 10 Novemba

36.5. Namba. Mvua kubwa, hema limevuja.

Jumatatu, 16 Novemba

36.6. Spika karudi kazini. Amekonda, na ile sauti imekwisha. Anazungumza kwa mnong'ono inabidi nisogee. Nilitaka kumtania nikashindwa.

Mchana tulikaa kwenye benchi, mmoja mwanzo mwingine mwisho. Akaniambia kaka yake mkubwa alifariki kwa ugonjwa huu huu, siku ya tatu ya yeye kulazwa. Nyumbani walikubaliana wasimwambie hadi apone. Kila alipouliza walimjibu kaka anaendelea vizuri, anakusalimu.

"Walikuonea huruma," nikasema.

"Siku tisa," akanong'ona. "Siku tisa namwombea apone mtu aliyekwisha zikwa. Tena naletewa salamu zake! Nani aliwaambia mimi siwezi kulia nikiwa mgonjwa?"

Miaka yote hii nimekuwa nikimwona Spika mtu wa kupiga domo tu. Nilirudi mezani, nikakaa mbele ya mirija mitupu, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza binti yangu alikuwa akifanya nini zile siku tatu. Labda alimnunulia mama yake kitu. Labda alicheka na wenzake. Nilimwacha acheke akiwa yatima, mimi najua na yeye hajui. Niliona aibu kweli kweli.

Jumanne, 24 Novemba

36.5. "Mia nne kumi na saba." Dada anasema masomo mengine yote yamehesabiwa kwa kazi za nyumbani. Amebakiza karatasi moja tu, Jumatano ijayo saa tatu, akishaifanya amemaliza chuo. Akiikosa ni kungoja mwaka mzima. Akimaliza ataondoka. Namba yake nitaisikia mara moja tu tena.

Jumanne, 1 Desemba

36.4. "Mia nne kumi na saba." Nilimwambia, "Mtihani mwema." Alitikisa kichwa kidogo sana, labda alikuwa anarekebisha kamba ya barakoa sikioni.

Jumatano, 2 Desemba

36.5. Ya leo hayatoshi kwenye mstari mmoja.

Majibu huletwa saa moja na nusu na dereva wa maabara, katika bahasha ya kaki. Mimi naipokea, natoa karatasi, naibana kwenye ubao mezani kwa Sista. Yeye ndiye anayewapigia simu waliokutwa na virusi. Namba zao hupigiwa mstari mwekundu, na sisi wa hema tumekula kiapo kwamba chochote tutakachoona tutakiacha pale pale.

Leo mistari ilikuwa mitatu. Wa pili, 417.

Niliisoma mara nne. Nikatafuta kosa, nikasema labda ni 411, labda maabara wamekosea kuusoma mwandiko wa kwenye mrija. Mwandiko ni wangu, unasomeka.

Sista hakuwepo. Ameitwa kwenye kikao cha wakuu wa chuo hadi saa sita. Mtihani ni saa tatu, na muhuri wa wiki iliyopita unamfaa binti yangu hadi jioni ya leo. Kwa hiyo ningeibana karatasi kama kila siku, nikae, naye angefanya mtihani wake. Saa sita angepigiwa simu, angekwenda bweni la zamani akiwa amekwisha maliza chuo. Hata kiapo nisingekivunja.

Niliibana. Sitajisafisha hapa, niliibana nikakaa. Nikaanza kupanga maneno. Ukumbi ni mkubwa, madirisha yatakuwa wazi, kila mtu na barakoa yake, saa tatu za mtihani si nyingi, ameteseka vya kutosha, mwache tu leo. Nilivyozidi kuyapanga ndivyo nilivyozidi kuijua ile sauti. Ilikuwa yangu ya simu. Ana homa tu, amelala, wewe soma.

Saa tatu kasoro dakika ishirini nikatoka mbio na aproni ya plastiki. Mtu wa umri wangu na mwili wangu akikimbia chuoni watu hudhani jiko limeshika moto. Nilimkuta kwenye foleni ya mlango wa ukumbi, watu wanne mbele yake, kadi mkononi. Nilisimama mbali kidogo nikamwita jina lake la utotoni, ambalo wenzake hawalijui. Akatoka kwenye foleni kwa hasira.

"Mwanangu, majibu yamekuja. Namba yako imo."

Hakuelewa. Kisha akaelewa. "Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Sista anajua?"

"Hajui. Yuko kikaoni mpaka saa sita."

Akatazama mlango. Wale wanne walikuwa wamebaki wawili. "Wewe umeona saa ngapi?"

"Saa moja na nusu."

"Sasa hivi ni saa tatu kasoro."

"Nilikaa nayo," nikasema. "Nilitaka kukaa nayo mpaka umalize. Nikashindwa."

Macho yake yalijaa maji, na barakoa ikawa inaingia na kutoka kwa pumzi. "Ungenyamaza ningefanya mtihani."

"Ungefanya."

"Na mwaka huu ningemaliza."

"Ungemaliza. Sasa unajua ninachojua mimi. La kufanya ni lako."

Msimamizi akaita waliobaki waingie. Wenzake wakaingia, mmoja akimpungia mkono aharakishe. Alisimama pale hadi mlango ukafungwa. Kisha akaweka kadi mfukoni, akashika njia ya bweni la zamani. Nikamfuata.

"Rudi nyuma," akasema bila kugeuka. "Utaambukizwa."

Nikarudi nyuma hatua kadhaa nikaendelea kumfuata. Alilia njia nzima, nami sikuweza hata kumbebea begi.

Alhamisi, 3 Desemba

36.6. Sista, zaidi ya robo saa, milango wazi.

"Umevunja kiapo," akasema.

"Ndiyo, Sista."

"Ungenipigia simu kikaoni ningetoka nikampigia mimi."

Wazo hilo halikunijia hata kidogo. Simu ilikuwa mfukoni mwangu muda wote nikikimbia.

"Angekuwa mtoto wa mwingine ungekimbia hivyo?"

"Sijui, Sista."

Akasema hema sirudi tena. Kuanzia kesho napeleka chakula bweni la zamani, kazi ambayo wawili wameikataa. Kama ni adhabu au ni hisani sikuweza kujua, uso wake ulikuwa umefunikwa.

Ijumaa, 4 Desemba

36.5. Hakuna mtu. Chumba chake ni cha tisa. Unaweka sinia juu ya kiti, unagonga, unarudi hatua nane hadi kwenye mstari wa rangi. Mlango ulifunguka, mkono ukachukua sinia. Nilikuwa nimepika mwenyewe, viazi na supu.

Jumamosi, 5 Desemba

36.5. Sinia la asubuhi halikuguswa. Muuguzi anasema homa imepanda, 39.2.

Jumapili, 6 Desemba

36.4. Halikuguswa. 39.5. Naogopa. Niligonga nikarudi kwenye mstari nikasimama, mlango haukufunguka. Nilimsikia akikohoa. Hatua nane tu! Nimpoteze na huyu, tena nikiwa nimesimama kwenye mstari kama askari. Muuguzi alinikuta pale akaniambia, "Mzee, ukiingia, kesho utakuwa chumba cha kumi, na chakula ataleta nani?" Nikaondoka.

Jumatatu, 7 Desemba

36.5. Homa yake 38.1. Amekunywa supu nusu bakuli.

Jumanne, 8 Desemba

36.4. Saa kumi jioni mlango ulifunguka wote. Alikuwa amekaa kwenye kiti ndani, blanketi mabegani, barakoa usoni. Sinia hakulichukua.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Akavuta blanketi, akauliza, kwa sauti ya mgonjwa, "Mama aliniulizia?"

Nilijua jibu zuri. Lilikuwa tayari mdomoni, kwamba alijua uko kwenye mitihani, alikuombea, alifurahi. Nikalimeza.

"Kila siku," nikasema.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia uko njiani."

"Kila siku?"

"Siku sita. Siku ya mwisho aliomba tumgeuze alale akitazama mlango."

Aliinama. Blanketi lilikuwa likitikisika. Nilinyanyua mguu kuvuka mstari, naye bila kuinua kichwa akaninyooshea kiganja, simama. Nikasimama. Baadaye akausukuma mlango kwa mguu ukajifunga.

Jumatano, 9 Desemba

36.5. Sinia zote mbili zimechukuliwa. Mlango haukufunguka wote. Sijalala, sijapika vizuri, nimeunguza kitunguu kama mwanafunzi.

Alhamisi, 10 Desemba

36.4. Leo saa kumi nilikuta mlango uko wazi na yeye kwenye kiti chake. Kwenye mstari wa rangi palikuwa na ndoo imepinduliwa. Sijui alimwomba nani aiweke.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

"Nataka siku zote sita. Anza ulipofika nyumbani. Usiruke kitu."

Nikaanza. Nilivyoshuka, nilivyomkuta amekaa kitandani anagombana na dada yangu kwa ajili ya chai isiyo na sukari. Alivyoniambia nimenenepa. Alivyotaka tumchane nywele, na mimi ndiye niliyemchana, na sikuwa najua kuchana. Binti alicheka kidogo hapo, kisha akalia, kisha akaniashiria niendelee. Siku ya kwanza ikaisha, na ya pili. Muuguzi alipita mara mbili hakusema neno. Supu ikapoa kwenye sinia.

Nilipofika jioni ya siku ya tatu, alipoanza kushindwa kumeza, nikasema, "Basi, tukamtunza hivyo hivyo, siku ya nne daktari akaja."

"Hapo umeruka, baba," akasema. "Rudi nyuma."

Nikarudi nyuma.